Kamionete ya Mama Mauwa na Kachet Tatu

Jumamosi, 1 Machi 1975

Leo nimesikiliza moteri ya kamionete kwa sikio moja, macho nimefumba, nikajua fundi aliyeifunga kule ng'ambo alikuwa amegombana na mke wake asubuhi ile. Boliti tatu alizikaza kwa hasira, ya ine kwa huzuni. Mafundi wengine wa Kindu hawasikii mambo kama hayo. Mimi nasikia. Njo maana nimeanza kaye hii, daftari langu — mtu kama mimi akifa bila kuandika, ni hasara ya Zaïre nzima.

Jina: Onema. Miaka: kumi na tisa. Masomo: mwaka wa pili wa sekondari, nusu. Nusu ya pili niliwaachia wengine. Kazi: shofa na mekanisien wa Mama Mauwa, mjane, mwenye kamionete moja mpya kabisa iliyotoka Bukavu mwezi wa kumi na moja. Anapeleka mchele Kampene kwa wachimbaji, anarudi na mawese. Bila kamionete hana biashara. Bila mimi hana kamionete. Sasa mukubwa ni nani?

Binti yake Halima ananiita mivuo ya mhunzi: upepo wangu, moto wa wengine. Yuko mwaka wa tano, anafikiri Kifaransa kinawasha gari.

Asubuhi salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Tumefyeka majani kandokando ya reli. Nimefyeka kidogo, nimesimamia sana.

Jumanne, 4 Machi

Kazi kubwa! Nimeongeza majani mawili ya chuma kwa kila resori ya nyuma, springi zinazobeba mzigo. Chuma nimekitoa kwa lori lililokufa nyuma ya stesheni, lile ambalo kuku wanatagia ndani. Ukienda Kampene na resori za kiwandani, utarudi matako ya gari yanaburura chini. Nimeinua bomba la moshi pia, mpaka juu ya kabini, kwa sababu ya mito. Na taa mbili zaidi mbele. Waliounda gari hili hawajawahi kuona barabara ya Kampene. Nawasahihisha tu.

Mama Mauwa aliuliza kama waliomuuzia gari hawatakasirika. Anafikiria garanti, kile kitabu kidogo cha kijani walichompa Bukavu siku ya kununua. Mwaka mmoja au kilometa elfu ishirini: kitu kikivunjika chenyewe, bila kosa la mwenye gari, nyumba ya Bukavu iliyouza gari njo inalipa. Nikamwambia garanti ni ya watu wasio na fundi. Akacheka, lakini si sana.

Kwa mafuta, lakini, sichezi. Kilometa elfu moja, elfu tano, elfu kumi — kila mara nimemwaga ya zamani, ya moteri na ya buate ya vitesi, giaboksi, nimetia mapya, namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, bati likiwa bado limefungwa. Kisha nakata kifuniko cha bati, chenye namba ya mafuta, nachora kilometa na tarehe kwa msumari, nakipigilia kwenye mlango wa karakana. Sasa viko vitatu, vinang'aa. Halima anasema mlango umevaa hereni.

Ijumaa, 14 Machi

Louis amekuja kula. Yeye ni karani wa stesheni. Kwenye karatasi zake za sasa anaitwa Citoyen Banza, raia Banza, majina ya ubatizo yamekatazwa, lakini ndani ya lupango, uani, mama yake anamwita Louis na mimi vilevile.

Akafungua kitabu cha kijani wakati anasubiri ugali. Nyuma iko kuponi tatu: elfu moja, elfu tano, elfu kumi. Kila moja na duara la kupigia kachet, muhuri wa nyumba ya Bukavu. Maduara matupu. Louis akaniangalia kama daktari anayetafuta ndugu wa maiti. Akaanza: karatasi bila kachet ndani ya nchi hii ni jani la kufungia kwanga ya muhogo. Tiketi ina kachet. Kadi ya chama ina kachet. Ruhusa ya kwenda Kampene ina kachet mbele na nyuma. Hata maiti akitoka Kindu kwenda Kabalo kwa gari moshi, anasafiri na kachet yake. Na mimi nafikiri nitapita na maduara meupe?

Nikamwambia ale.

Alipoondoka nikakichukua kitabu mwenyewe. Maduara matupu kweli. Yananiangalia.

Kupeleka gari Bukavu kwa ajili ya kachet? Zaidi ya kilometa mia sita kwenda tu, mvua hizi, madaraja yale ya miti. Ningefika na usukani mkononi, gari lingefuata kwa posta.

Jumapili, 16 Machi

Wenzangu wako misa. Mimi nimechonga.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu una kachet ya kweli, ya siku Mama aliponunua: duara, jina la nyumba, BUKAVU, nyota katikati. Nimechukua kandambili ya zamani, mguu wa kushoto, kisigino. Wembe. Sindano. Kioo kidogo cha Halima, maana herufi lazima zichongwe kinyumenyume. Wino wa Louis. Hakunipa, lakini hakunikataza, kwa sababu hakujua.

Paf. Paf. Paf.

Tarehe zilezile za vifuniko vya mlangoni, kilometa zilezile. Kwa kilometa sisemi uongo. Sahihi nimeweka mkorogo — wakubwa wote wanaweka mkorogo, mtu mkubwa haandiki jina linalosomeka. Kachet yangu nimeilinganisha na ile ya kweli. Hata mama yao angenyonyesha asiye wake!

Kisigino nimekitupa chooni. Mama Mauwa sijamwambia. Mgonjwa haulizi dawa ilichemshwa kwa sufuria gani.

Jumatano, 9 Aprili

Mbaya.

Tunarudi kutoka Kampene, mapipa ya mawese nyuma, tumebakiza mlima mmoja tufike kwenye bac, feri ya kuvukia Lualaba. Vitesi ya pili ikakataa. Nikajaribu ya tatu. Sauti kama mtu anatafuna changarawe. Kisha gari likasimama, moteri inalia, magurudumu yamelala. Lori la misheni limetuvuta mpaka mtoni, vijana wa bac wakatusukuma huku wakiniuliza kama dokta wa magari anahitaji dokta.

Kilometa 11,420. Nimefungua buate chini. Mafuta safi, mazuri, lakini yana punje za chuma zinametameta kama mchanga wa kule Kama, wenye dhahabu. Mafuta hayakuisha, hayakuungua. Si mimi! Narudia, kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza: si mimi. Kitu cha ndani kimevunjika chenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama Mauwa amekaa juu ya tairi la akiba tangu asubuhi, kitenge amekifunga kiunoni kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kugombana na hajui na nani. Mnunuzi wa Kampene amesema atavumilia mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Baada ya hapo, njia ya mchele anampa mfanyabiashara mwingine mwenye lori. Njia ile njo imesomesha watoto watano tangu mume wake alipofariki. Buate nyingine hawezi kununua. Hata akiuza mabati ya nyumba.

Akaniuliza, taratibu, kama tuandike Bukavu kwa ile garanti.

Nikamwambia aandike hata leo. Kitabu kimejaa.

Halima ameandika barua. Kifaransa kikubwa mpaka nikaogopa kuipangusa vumbi. Imeondoka na ndege, na namba ya shasi ndani.

Jumatatu, 28 Aprili

Telegramu! Kontroleri, mkaguzi wa nyumba ya Bukavu, anakuja tarehe saba kwa ndege. Gari lisiguswe. Kitabu kiwe tayari.

Sasa lupango nzima ni mahakama. Jirani anasema toa resori zile, rudisha bomba chini, ng'oa taa. Louis anasema kiwanda kikiona jani moja la chuma ambalo si lake, kinakutupa wewe na gari na vizazi vyako. Halima amesema tusifiche kitu chochote. Mama akaniangalia mimi, maana mimi njo fundi.

Nilishika ufunguo nitoe taa. Nikauweka chini. Mimi, nifiche kazi yangu mwenyewe? Nimezipangusa zing'ae zaidi.

Kwa kitabu sina wasiwasi hata kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Nilingoja mtu mrefu, pengine mzungu, na mashine ya kupimia dhambi. Ameshuka mzee mfupi, Citoyen Kankolongo, Mkasai, mtu wa kazi, suti yake ya abacost isiyo na tai imepauka magotini, miwani imefungwa kwa uzi. Alimsalimia Mama vizuri, akampa pole ya mume ambaye hakumjua, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Ndipo akauliza habari za gari.

Lakini nyuma yake! Watu wanne wamebeba sanduku la mbao. Louis akazunguka sanduku, akasoma maandishi, akanivuta nyuma ya jikoni: ni buate mpya. Ya kamionete yetu. Ameshakuja nayo!

Sasa niulize mtu yeyote mwenye akili: nani anabeba buate kwa ndege kutoka Bukavu ili aje kusema hapana? Nimecheza ngoma ndogo pale nyuma ya jikoni. Halima alinikuta. Akacheka. Mama ameweka sanduku ndani ya chumba chake mwenyewe, analala nalo kama mgeni wa heshima.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika pole pole, nisiruke kitu.

Citoyen Kankolongo alivua koti la abacost, akalikunja, akatandika mkeka, akaingia chini ya gari. Akahesabu majani ya resori kwa kidole. Akauliza nani aliongeza. Nikasema mimi, kifua mbele. Nikangoja hukumu.

Akaeleza bila kutoka chini: resori nzito inaweza kuvunja mahali inapofungiwa, inaweza kuvunja eksi, ule mhimili wa magurudumu. Eksi ingevunjika, angetupa pole na kurudi na ndege. Lakini eksi ni nzima, na resori haijagusa buate. Bomba la moshi, akalipiga kwa kucha, halina neno. Taa: dinamo ingeungua, dinamo ingekuwa shida yetu, si yao. Dinamo haijaungua.

Kisha akatoa kichwa. "Watu wanafikiri nakuja kutafuta kilichobadilishwa. Mimi naangalia kilichovunjika, halafu nauliza kimevunjwa na nini."

Nilimpenda! Nikaanza kumuuliza maswali kama mutoto wa shule, mimi niliyeikimbia. Akanijibu yote. Akasema resori zimefungwa vizuri. Vizuri! Mama alisikia, Halima alisikia.

Tukashusha buate, yeye na mimi. Akaifungua. Akatoa rulima moja ya ndani, ile duara ya vigololi inayobeba shafti, imepasuka vipande. Akaishika kwenye kiganja kama yai. Akasema hii ni ya ine kwa magari yaliyokuja safari moja na letu. Chuma kilipikwa vibaya kiwandani. Njo maana alikuja na sanduku. Mama akajifunika mdomo kwa kitenge. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika Kampene.

"Sasa kitabu," akasema. Kwa sababu lazima aone mafuta yalibadilishwa. Bila mafuta hata rulima nzuri inakufa.

Mama akampa kwa mikono miwili.

Akafungua nyuma. Akafungua mbele. Akafungua nyuma tena. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Halafu akainuka, akaenda kwenye mlango wa karakana, akaanza kusoma vifuniko vyangu vya bati, kimoja kimoja, kidole juu ya michoro. Mafuta gani, kilometa ngapi, tarehe gani. Akarudi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali.

"Mama," akasema, "kachet ya nyumba yetu inakaa ndani ya meza yangu. Ufunguo njo huu." Akagusa shingo. "Miezi yote hii ni mimi peke yangu naipiga. Gari hili sijaliona tangu siku lilipotoka."

Kuku wakapita. Hakuna aliyewafukuza.

Halima akakichukua kitabu. Ukurasa wa mwisho kabisa, herufi ndogo kama siafu. Mimi niliziruka, nilifikiri ni anwani ya kiwanda. Akasoma kwa Kifaransa, kisha akatuambia kwa Kiswahili, sauti ya chini: mahali ambapo hakuna wakala karibu, fundi yeyote anaweza kubadilisha mafuta. Mwenye gari aandike tarehe, kilometa na aina ya mafuta, aweke sahihi yake. Basi. Hawakuomba kachet ya mtu.

"Vile vya mlangoni vingenitosha," akasema Citoyen Kankolongo.

Halafu akauliza: "Hizi nani alizipiga?"

Mama Mauwa aliangalia kitabu. Aliangalia gari. Hakuniangalia hata kidogo.

"Kitabu ni changu, citoyen. Kilicho ndani yake ni changu vilevile."

Citoyen Kankolongo akakichukua kitabu, akakifunga. Akasema ripoti anaandika Ijumaa, anaondoka nayo Jumamosi. Kitabu cha uongo kinaua garanti yote, hata kwa chuma kilichopikwa vibaya kiwandani, na jina la mwenye gari linapelekwa kwa wakubwa. Sanduku litarudi uwanja wa ndege. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akamuaga Mama vizuri kama alivyomsalimia.

Ijumaa, 9 Mei

Niko barazani, nyumba ya wageni ya misheni. Saa tatu asubuhi. Citoyen Kankolongo yuko ndani. Padri amesema anaoga, ningoje. Nangoja.

Usiku Mama alinitumia sahani kama kawaida. Samaki, kipande cha tumbo, kile kikubwa. Halima alikiweka mbele yangu. Nikamuuliza Halima kama Mama amesema neno juu yangu. Akajibu Mama hajasema kitu chochote, ameuliza tu kama nimekula.

Nimekuja na maneno tayari. Nimeyapanga njiani: nitaanza na resori, akumbuke kwamba alizisifu. Kisha vifuniko. Kisha nitamwambia kwamba kutoka Kindu mpaka Bukavu — hapana. Yote hiyo ni bomba la moshi, inapitisha hewa tu. Nimefuta.

Watu wa sanduku wamepita sasa hivi, wale wanne. Wanakwenda kwa Mama kulichukua. Mmoja amenipungia mkono. Wataliweka uwanjani tangu leo, ndege ya kesho inaondoka mapema.

Louis alipita alfajiri, anasema kosa ni wino: wa kwake ni wa zambarau, wa Bukavu pengine ni wa bluu. Jirani anasema kosa ni taa. Halima anasema nilipaswa kusoma mpaka mwisho wa kitabu, na kweli nilipaswa. Kachet ilikuwa upumbavu, nakubali, naandika hapa, Onema, mkono wangu. Lakini kachet haikuwa imemaliza mambo. Mzee alikuwa ameshasoma mlango wangu. Alijua mafuta ni ya kweli. Aliuliza swali moja tu, na nafikiri aliliuliza ili apate mlango wa kutupitishia.

Nasikia maji yamekoma ndani. Anavaa.

Jana, alipouliza nani alizipiga, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Rulima alikuwa amenipa niishike, mafuta yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mdomo huu, ambao umemjibu mwalimu, polisi, padri na karani wa baraza. Neno lilikuwa moja, fupi: mimi. Mama Mauwa akangoja kidogo. Alingoja, niliona, alinipa nafasi ya kutosha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akajibu yeye.

Nami nikanyamaza.